Shemeji Anachagua Bunduki ya Rangi

Mume wa mdogo wangu huendesha winchi kwenye ujenzi wa maghorofa. Kutwa nzima yuko juu huko, ndani ya kibanda kisichozidi kabati la nguo, amekaa, mikono kwenye vishikio, macho kwa mtu wa chini anayempa ishara. Akishuka jioni miguu inadai haki yake. Ukimkaribisha kiti, anakishika mgongo na kuanza kukizunguka. Mdogo wangu anasema hata chai huinywa akitembea kati ya jiko na dirisha, na zulia la sebuleni limeisha njia nzima anayopita.

Kwa hiyo wenzake walipomwingiza kwenye mchezo wa bunduki za rangi, aliuparamia. Timu mbili zinajificha nyuma ya mapipa na matairi, zinarushiana vidonge vya rangi. Aliyepatwa ananyoosha mkono juu na kutoka nje. Shida ni kwamba yeye hutoka mapema mno. Nahodha wao, fundi bomba mwenye mdomo mrefu, akamwambia wazi: ukitoka mapema tena Jumamosi hii, nafasi yako nampa mwingine.

Ndipo shemeji akaja dukani kwangu. Nauza vifaa vya michezo vilivyotumika, na sikufika hapa nilipo kwa kuonea watu huruma.

“Shemeji, nataka ile.” Alikuwa anaonyesha kwa kidole bunduki ya betri, nyeusi, inayotema vidonge mfululizo kama cherehani.

“Hujambo kwanza?”

“Sijambo. Nataka ile.”

“Barakoa unayo?”

“Za kukodi zipo uwanjani.”

“Zile zinazoingia ukungu ukipumua tu? Utampiga nani, na wewe huoni hata vidole vyako?”

“Nikiwa na ile, sihitaji kuona sana. Namwaga tu.”

Bunduki ile ilikuwa imenikalia rafuni muda mrefu, na nilitamani iondoke. Ningeifunga pale pale tukamalizana. Lakini mteja aliyefukuzwa kwenye timu harudi dukani, ilhali anayecheza kila wiki hununua vidonge kila wiki, na mtungi wa hewa wa bunduki yake anauleta kujaza kwangu. Nikaona faida iko wapi.

Nikampeleka uani na barakoa ya kioo cha tabaka mbili. “Kimbia kutoka getini hadi kwenye tangi, urudi. Kioo kikiingia ukungu, usinunue.”

“Kukimbia tu?”

“Si ndicho unachokitaka maishani?”

Akaruka. Alikuwa anarudi mbio nilipoinua mkono kuchukua vikinga-magoti vilivyoning'inia kwenye msumari juu ya mlango. Akasimama wima katikati ya ua, kama amezimwa swichi.

“Mbona umesimama?”

“Si umeniambia nisimame?”

“Sijafungua mdomo, shemeji.”

Akaangalia mkono wangu. Nikaushusha, nikamwambia akimbie tena. Alipokaribia nikauinua makusudi. Akaganda vilevile, na safari hii mwenyewe alijishtukia.

“Kazini,” nikamuuliza, “mtu wa chini akiinua mkono, maana yake nini?”

“Simamisha. Hata kama ni mpita njia, nasimamisha kwanza, naulizia baadaye.”

“Na uwanjani, mwenzako akipatwa anafanyaje?”

Akavua barakoa na kukaa kwenye ngazi ya mlango bila kukaribishwa. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

“Ndiyo maana,” akasema. “Ndiyo maana kila mara. Mmoja wetu anatoka, na mimi hapo hapo... Basi nipe ile ya betri, shemeji. Itanifidia.”

“Itakufidia nini? Utasimama kama mlingoti, umeshika bunduki ya bei kubwa.”

“Sasa nifanyeje? Siwezi kuiacha tabia hii. Siku nikiiacha, nitamwangushia mtu zege.”

“Nani kasema uiache? Simama, ila simamia chini. Ukiona mkono, piga magoti.”

Nikamrushia vikinga-magoti. Akavivaa, akakimbia, nikainua mkono, akaporomoka magotini. Tukarudia mpaka akawa anashuka kabla mkono wangu haujafika juu. Jirani yangu, dobi, akachungulia juu ya ukuta.

“Unamfundisha kuomba radhi?”

“Mkewe ndiye atakayenilipa,” nikamjibu.

Akacheka mpaka akapotea nyuma ya ukuta. Shemeji hakucheka, alikuwa ameshaenda getini kuanza upya.

Tulirudi ndani tukabishana vizuri. Nilimpa bunduki ya kawaida, isiyo na betri, kila ukivuta kinatoka kidonge kimoja. Akasema inafanana na bomba la dawa ya mbu. Nikampunguzia hapo, nikakaza kwenye barakoa, maana bunduki za namna ile zimejaa kila mahali na kioo kizuri hakipatikani. Akataka vikinga-magoti viwe zawadi.

“Mimi si shemeji yako?”

“Ushemeji uko nyumbani kwa mdogo wangu. Hapa kuna muuzaji na mnunuzi.”

Akalipa akinung'unika.

Jumamosi nilikwenda uwanjani na maboksi yangu ya vidonge, maana wachezaji huishiwa na uwanja huwauzia kwa bei ya kukomoa. Nikasimama nje ya wavu. Filimbi ilipolia, kijana wao wa kushoto akapatwa, mkono ukaenda juu. Shemeji akazama nyuma ya tairi, na vidonge vikapasukia kwenye ukuta wa nyuma yake, pale kichwa chake kilipokuwa.

“Anasali huyu?” nahodha akapiga kelele. Hakumaliza kucheka, kidonge kikampasukia kwenye paji la barakoa. Mkono juu, akatoka, akaja kusimama karibu nami akidondosha rangi ya kijani.

Shemeji alishuka tena, akatambaa, akapiga mmoja, akakimbilia pipa la pili, akashuka tena. Mwishowe walimpata begani, refa akiwa ameshaanza kutazama saa yake. Akatoka akihema, kioo kikiwa safi, akamjia nahodha moja kwa moja.

“Nabaki au natoka?”

Nahodha alijifuta taratibu, kama mtu anayetafuta kasoro asiione. “Umetoka baada yangu,” akasema. “Ningekufukuza kwa lipi? Jumamosi ijayo utaanza mbele.”

“Kwa nini isiwe kesho?” shemeji akauliza.