Hirola Mmoja Katika Picha Zote

Mwanangu, kuna siku moja ya miaka ya tisini, huko Garissa, ambayo naikumbuka kila nikishika picha mkononi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, nikawa mtu wa kuzurura, nikifanya kazi yoyote itakayonionyesha kitu kipya. Mtafiti mmoja akanipa kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita mbele, nizifunge kwenye migunga ili tujue hirola wamebaki wangapi. Hirola ni yule swala mwenye mistari myeupe machoni, kama aliyevaa miwani. Picha zikionyesha wamepungua, walinzi wao wangebaki. Zikionyesha ni wengi, wangeondolewa.

Alinichorea mahali pa kila kamera, mbalimbali, hata kwenye uwanda mtupu. Uwanda ule niliuogopa. Mchana wa jua kali, hakuna ndege wala nzi, na bado unahisi kitu kinakutazama mgongoni. Basi kamera zote nikazifunga kuzunguka dimbwi moja, karibu na kambi ya mzee mmoja wa kike mwenye ngamia, tuliyemwita Eedo Halima, yaani shangazi. Filamu zikajaa haraka. Nilipotoka kuzisafisha mjini, nilimpitia kwanza yeye, nijisifu.

Alizitandaza picha mkekani. Halafu akaanza kuziweka moja juu ya nyingine, polepole. Wafugaji wa kule, mwanangu, humjua mnyama kwa sura yake kama wewe unavyomjua ndugu yako. Rundo likapanda, mkeka ukabaki wazi.

"Huyu ncha ya pembe imevunjika," alisema. "Huyu ni yeye. Na huyu ni yeye. Wallahi, umeniletea mnyama mmoja, kijana. Wenzake wako wapi?"

Nikatazama upya. Macho yaleyale, picha baada ya picha, yakiielekea kamera, na nyuma yake hakuna mwingine. Nilichodhani ni kundi kilikuwa upweke.

Kesho yake nilizihamishia kamera uwandani, pale nilipochorewa. Filamu zilirudi na nyasi zikiyumba kwenye joto, nyasi tupu, na katika picha ya mwisho kivuli changu mwenyewe. Nilimpelekea mtafiti zote, za dimbwini na za uwandani, nikamweleza nilichofanya. Alinifukuza kazi palepale. Walinzi walibaki.

Kwa hiyo ukitumwa kuhesabu, usisimame tu pale unapojua utapata. Nenda na pale panapokutisha kwa utupu wake, kisha useme wazi kwamba hukuona kitu. Na ukikosea, ungama kabla watu hawajaamua kwa kukuamini wewe.

Mungu akupe moyo wa kutazama patupu, mwanangu, na asikuache hata siku moja ukinywa peke yako dimbwini.