Tundu Lililohama Upande

Kaka mmoja na mdogo wake wa kike waliishi kwa magari, ila hakuna aliyekuwa na gari la kutembelea. Kaka alikuwa fundi wa bodi. Alichukua gari zee lililokwisha kukatiwa tamaa, akalishusha, akalinyoosha, akalivika ringi pana, hata mwenye gari akapishana nalo barabarani asilijue. Mdogo wake, ambaye hata mama yao alishazoea kumwita Lenzi, aliyapiga picha magari ya namna hiyo kwa ajili ya jarida moja la magari, na pia kwenye maonyesho. Alikuwa msichana wa maneno machache. Mbele ya watu alipenda kujificha nyuma ya kamera, na kamera yenyewe ilikuwa ndogo.

Ugomvi wake na mhariri wa jarida ulikuwa mmoja tu. Mhariri hakutaka gari liupe ukurasa kisogo. Kama picha ilionyesha gari likitazama nje, aliigeuza kwenye kompyuta, kushoto ikawa kulia. Namba za gari Lenzi alizifunika kila mara kwa kadi nyeusi, na mengi ya magari hayo yalikuwa na vioo vyeusi tii, usukani hauonekani, hivyo msomaji hakujua kuwa picha imegeuzwa. Lenzi alilalamika mara chache, kwa sauti ya chini, kisha akazoea.

Asubuhi ya maonyesho alimkuta kaka yake kwenye kona ya ukumbi, amesimama kando ya gari lake la maonyesho, ambalo bado lilikuwa chini ya turubai. Hakumjibu salamu.

"Umepita upande ule?"

"Bado, kaka. Ndiyo kwanza naingia."

"Kapite. Halafu uje uniambie picha zangu umempa nani."

Lenzi akaenda. Chini ya taa kali kuliko zote lilisimama gari la kijivu la Miwani, mfanyabiashara aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuvua miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kwenye boneti palikuwa na tundu moja, refu, jembamba, kama jicho lililofumbwa nusu. Upande mmoja tu.

Tundu hilo lilikuwa la kaka yake. Alilihangaikia miezi mingi, milango ya gereji imefungwa, kwa sababu mwaka huu kulikuwa na tuzo ya ubunifu, naye alitaka kuichukua kwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Picha zake Lenzi alizipiga humo gerejini na kumtumia mhariri kwa ajili ya toleo ambalo lilikuwa halijatoka. Sasa Miwani alikuwa ametangulia kufunua. Atakayefunua wa pili ataitwa mwigaji.

"Nimeona," alisema aliporudi.

"Picha walikuwa nazo kina nani?"

"Mimi na mhariri."

"Mhariri ana jarida la kuuza. Aivujishe habari yake mwenyewe kabla ya toleo ili iweje?"

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema."

"Umesema kwa macho, kaka."

"Macho haya ya baba, ndivyo yanavyokaa." Lakini hakucheka. "Nilikufungulia mlango nikaufunga nyuma yako. Nieleze basi, lilitoka vipi? Lilipita chini ya mlango?"

Lenzi akaanza kumshuku kila mtu: mlinzi wa gereji, mchanganya rangi, hata jirani aliyekuja siku moja kuomba ngazi. Mhariri akatokea, simu mkononi.

"Lenzi, kampige Miwani picha kwanza. Nadhani yeye ndiye atakayekaa kwenye jalada."

"Si tulisema jalada ni la kaka yangu, bosi?"

"Mambo yamebadilika, binti. Kaka yako akifunua sasa, watasema kaiga." Alisema hayo akiitazama simu. Hakumtazama usoni.

Lenzi akaenda kufanya kazi yake. Alimwomba Miwani akate usukani ili ringi za magurudumu ya mbele zielekee kamera. Akaziba namba, akafuta alama za vidole mlangoni, akachuchumaa. Alipoweka jicho kwenye kamera, kitu kikamkereketa. Akahama, akatazama tena. Tundu lilikuwa upande wa dereva.

La kaka yake lilikuwa upande wa abiria, na hakulitoboa kwa urembo. Chini yake hasa palikuwa na chujio la hewa. Injini ilivutia pumzi hapo.

"Naomba ufungue boneti, mzee, nipige na injini."

"Injini ya nini? Watu wanataka sura."

"Jarida letu hupiga injini ya kila gari."

"Langu halifunguliwi."

"Niwaambie wasomaji unaficha?" Lenzi mwenyewe alishangaa maneno yalikotoka.

"Fungua bwana," mtazamaji mmoja akadakia, "au humo umefuga kuku?"

Watu wakacheka. Miwani akafungua, amebenua mdomo. Chini ya tundu ilikaa betri, imefungwa mfuko wa nailoni isilowe gari likioshwa. Chujio la hewa lilikuwa upande wa pili, chini ya bati zima.

Lenzi akapiga. Kisha akarudi kwa kaka yake mbiombio na kumwonyesha picha za gerejini, zilizokuwa bado kwenye kamera.

"Hizi ndizo nilizotuma. Tundu liko wapi?"

"Kushoto, nilipoliweka."

"La Miwani liko kulia. Angeiga picha zangu angetoboa kushoto. Ameiga ukurasa uliogeuzwa, kaka, na ukurasa mimi sijauona. Uko mezani kwa mhariri."

Kaka yake alikwenda kujionea mwenyewe, akakawia, akarudi anajifuta machozi ya kicheko.

"Kaivalisha betri koti la mvua." Akatazama viatu vyake. "Haya, shika turubai upande huo, mdogo wangu."

Hakuomba radhi kwa maneno mengine, naye Lenzi hakuyadai. Walifunua, na majaji walipofika kaka aliinua boneti kabla hawajamwambia, kisha akawaomba wakatazame na chini ya ile ya Miwani.

Mhariri akaja huku anatabasamu. "Za Miwani umepata zote?"

"Zote, bosi."

"Na injini?"

"Injini hasa."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mhariri alimtazama usoni, akanyoosha mkono. "Nipe kadi ya kamera, nikakuhifadhie."

Labda aliuuza ukurasa, labda aliuacha wazi mezani siku Miwani alipopita. Lenzi hakujua. Alichomoa kadi, akaifumbata kiganjani.

"Majaji wameiomba kwanza," alisema, ingawa walikuwa bado hawajaiomba, akaanza kutembea kuelekea kwao. Kaka yake akafuata nyuma, hatua kwa hatua, akiwa kati ya Lenzi na mhariri.