Pasi Iliyoanguka Mara Tatu

Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kuua. Waulizeni shangazi zangu. Kuna pasi ya makaa iliyomwangukia mke wa baba yangu mkubwa Jumapili moja asubuhi, pale Kaloleni, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Pasi hiyo ilikuwa na bidii ya ajabu, maana ilimwangukia mara tatu. Shangazi hawakuwahi kueleza iliinukaje kutoka sakafuni ili ianguke tena.

Nyumba zetu zilikuwa za baraza la mji, zimegawana ukuta. Sisi upande huu, baba mkubwa na mkewe upande ule, na ukuta wenyewe haukuzuia hata kikohozi. Baba mkubwa alikuwa karani kwenye bandari ya ziwani na kiongozi wa sauti nzito kwenye kwaya, mtu wa kola iliyokakamaa. Mkewe, mama mkubwa, hakujaliwa mtoto, basi mimi ndiye niliyekuwa wake. Alinisuka kila Jumamosi, akinipitishia vipande vya mandazi juu ya bega ili nisitikise kichwa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyenizaa, na nasema hivyo mama yangu akiwa hai na akijua.

Jumapili hiyo nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, na baba alikuwa ameinama kunifunga kamba za viatu. Kupitia ukutani tulimsikia baba mkubwa akiuliza ni nani amechoma kola yake. Tukamsikia mama mkubwa akisema samahani. Kisha tukasikia pasi. Tukaisikia tena. Mara ya tatu nilimtazama baba yangu, naye akaendelea kuvitazama viatu vyangu, ingawa alikuwa amekwisha kuvifunga.

Polisi walipofika, mkutano wa familia ulikuwa umeshafanyika jikoni, mfupi kuliko sala ya chakula. Baba alisema alikuwa bafuni, maji yanamwagika, hakusikia kitu. Kisha akaninong'oneza: "Sema ulikuwa umelala." Nikasema nilikuwa nimelala. Askari akaangalia soksi zangu nyeupe na viatu vinavyong'aa.

"Huyu mtoto hulala na viatu?"

"Ah, watoto, afande," baba akasema, akacheka kidogo. Afande akaandika.

Korti nayo ikaisikiliza habari ya pasi kwa heshima zote. Ikaona kwamba baba mkubwa hakukusudia, ikampa miaka minane, na baada ya mitano na ushee akatoka kwa sababu ya tabia nzuri, amenenepa. Nyumbani kijijini, upande wa Seme, alichinjiwa kondoo dume. Mkewe alikuwa amelala hapo hapo mkono wa kushoto wa nyumba, chini ya nyasi ambazo hakuna mtu aliyejisumbua kuzifyeka. Ukutani shangazi walikuwa wametundika picha ya harusi, lakini kwanza walikuwa wameipitishia mkasi, eti kumwona marehemu kunaumiza roho. Mkasi haukuwa na shabaha nzuri. Baba mkubwa alibaki amesimama ndani ya suti, glavu moja nyeupe imemshika kiwiko.

Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua miaka michache baadaye, wazungumzaji saba walimwita mtu wa amani. Wa nane akasema alikuwa mume mwema. Nilisubiri mtu acheke, lakini watu walikuwa wanangoja wali na nyama.

Haya yote ningeweza kuyameza. Nilikuwa na mazoezi. Ila katikati ya miaka ya tisini nikazaa msichana, tena bila mume. Hapo nilikuwa nimepanga chumba Kondele na shangazi zangu walikuwa na aibu hata ya kunisalimia sokoni. Lakini mtoto asiye na baba ni mtoto wa kwao mama, na aibu yao ikapona ghafla. Mtoto wetu sharti apewe jina letu. Shangazi mkubwa akaanza kumwota baba mkubwa.

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu anayemtaka. Marehemu huja ndotoni kuomba. Ndoto zikigongana, mtoto akilia hutajiwa wafu mmoja mmoja, na anaponyamaza, huyo ndiye. Mwanamume na mwanamke hakuna tofauti, jina hugeuzwa kidogo likamfaa yeyote. Lakini muuaji hapewi mtoto, hilo kila mtu analijua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile habari ya pasi ilitunzwa kwa miaka yote hiyo. Mtu ambaye pasi imemponyoka tu anaweza kurudi. Binti yangu angembeba baba mkubwa maisha yake yote, akiitwa kwa jina hilo asubuhi na jioni, na mimi ndiye ningekuwa wa kuliita. Mama mkubwa, ambaye hakuacha mtoto, hakuwa na wa kumtaja.

Basi tukakaa Seme alasiri moja, chini ya ile picha: mimi, baba, shangazi wawili, na nyanya, mama yake baba mkubwa, ambaye sote tulimwita Dani. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ya chanjo ya juzi. Shangazi mkubwa akampakata.

"Amekuja kwa ndoto mara tatu, yawa jamani," akasema. "Amevaa shati nyeupe. Amesema anataka huyu mtoto."

Akaanza kutaja. Wafu wengine aliwapitia haraka haraka kwa sauti kavu. Alipofika kwa baba mkubwa alilegeza sauti, na nikaona kidole chake kikizama kwenye kikombe cha chai ya sukari, kikielekea mdomoni mwa mwanangu.

"Hiyo shati ilikuwa imepigwa pasi, Shangazi?" nikauliza.

Kidole kikasimama. Shangazi mdogo akakohoa. Niliogopa, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sikuwa nimelala," nikasema.

"Lini?" Dani akauliza. Yeye aliishi kijijini siku zote. Pasi ile aliletewa tayari imeshaanguka.

"Ile Jumapili, Dani. Nilisikia yote. Mara tatu."

Shangazi mkubwa akaruka. "Mtoto wa miaka tisa anajua nini? Wacha kuharibia watu jina!"

Dani hakumsikiliza. Alimgeukia baba yangu, mwanawe aliyebaki.

"Huyu alikuwa amelala?"

Baba alitazama miguu yangu, kama siku ile.

"Alikuwa amevaa viatu, Mama," akasema. "Mimi ndiye nilimfunga. Na mimi pia nilisikia."

Sikuwahi kumwona Dani akilia, na siku hiyo pia hakulia. Alimtoa mtoto mikononi mwa binti yake, akamfuta machozi kwa kidole gumba, akanipa.

"Taja mke wa mtoto yangu," akasema.

Nikamtaja. Jina lake halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile tangu azikwe. Kisha nikafungua blauzi, nikampa mtoto titi, na kilio kikakatika pale pale.

"Ah! Hiyo ni ujanja!" shangazi mkubwa akapiga kelele, na kidole bado kinamdondoka chai. "Amemnyonyesha!"

"Amenyamaza," Dani akasema.

Jina silitaji hapa kwa sababu sasa lina mwenyewe. Mwenyewe amekuwa mkubwa, ana nywele nyingi, na hakubali mtu amsuke. Kila Jumapili asubuhi hupiga nguo zake pasi akiimba, na hadi leo pasi hiyo haijaanguka hata mara moja.