Barua ya Shukrani na Nyumba ya Uzazi ya Kalumbi

Mtoto wa kwanza ambaye Hélène Wabiwa alimpokea kwa mikono yake alizaliwa porini, mwaka 2001, juu ya majani ya mgomba. Ilikuwa wiki ya tatu tangu watu wa Kalumbi, kijiji chake katika teritwari ya Pangi, wakimbie nyumba zao. Milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara iendayo Kindu. Mzazi aliuma kitambaa asipige kelele. Mtoto alipolia, wote waliokuwa pale walizuia pumzi, wakisikiliza kama kuna atakayekuja. Hakuja mtu. Hélène alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameishia darasa la nne la sekondari kwa masista, na ukunga hakufundishwa na yeyote. Alikuwa na wembe na maji yaliyochemshwa, basi.

Wengine kumi na saba walifuata kabla vita havijaisha. Wawili walikufa, mmoja pamoja na mama yake. Tangu hapo Hélène alitaka kitu kimoja: chumba chenye sakafu ya saruji na mlango unaofungwa, ambamo mwanamke wa Kalumbi angezaa bila kutega sikio nje.

Aliomba kwa miaka. Aliomba kwa mapadri, kwa wabunge wakati wa kura, kwa wazungu waliopita na magari yenye bendera. Kuomba alikujua, na kushukuru pia. Kalumbi, aletaye kitu haondoki mikono mitupu. Atapewa mbuzi, atachezewa ngoma, na siku hizi ataandikiwa barua, maana kijiji huona haya mgeni akirudi mjini bila ushahidi kwamba alipokewa vizuri. Mwandishi wa barua hizo ni Hélène. Basi kampuni moja ya kuchimba kasiterite, madini ya bati, ilipotengeneza barabara kutoka machimboni kwake, kupitia Kalumbi, hadi njia kuu, aliiandikia ukurasa mmoja na nusu. Chifu akapiga muhuri, watu sitini wakaweka dole gumba. “Tunashukuru kwa maendeleo mliyotuletea,” aliandika. “Tumeridhika kabisa.”

Miezi minane baadaye, mwaka 2023, barua hiyo ilimtangulia Kindu.

Alikuwa amekuja mjini kama mjumbe wa vijiji katika kamati inayosimamia fungu ambalo sheria ya migodi inailazimisha kila kampuni inayochimba kulitenga kwa ajili ya wenyeji. Mkononi alikuwa na ombi moja, nyumba ya uzazi. Alipomaliza kulieleza, Blanchard, kijana mpole aliyekuwa afisa wa kampuni wa kushughulika na vijiji, alifungua faili lake.

“Mama Hélène, samahani. Huu mwandiko ni wa nani?”

“Wangu.”

“Hapa munasema mumeridhika kabisa. Barabara njo ilikula fungu lote la mwaka huu. Maternité itangoja.”

“Itangoja mpaka lini? Mimba haingojake, Baba Blanchard.”

“Mama amejifunga na kalamu ya masista!” mjumbe mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka. Mwenyekiti aliahirisha kikao hadi kesho yake saa tatu.

Hélène alivuka mji kwa miguu hadi mtaa wa Mikelenge, kwa Twaibu, rafiki wa marehemu mume wake. Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya kodi, na sasa alilima karanga nyuma ya nyumba. Alimkuta ameinama na jembe.

“Shemeji! Bantu bananikimbia miaka makumi tatu kwa sababu ya kodi, wewe unanifuata mpaka shambani?”

“Nimefungwa, mzee.”

“Nani alikufunga?”

“Asante yangu.”

Alimweleza yote. Twaibu alifikiri kidogo, akasema jambo si gumu: aandike barua nyingine, aifute ile ya kwanza. Hélène alimtazama kana kwamba amemwambia amkane mtoto.

“Nirudishe asante? Mbele ya bantu makumi sita? Mbuzi walishamukula! Nikirudi Kalumbi hakuna mutu atanisalimia.”

“Haya, tusiiguse.” Twaibu alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu cha sheria kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alisoma kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kiswahili, kidole juu ya mstari.

Sheria ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema hivi: katika kila faranga elfu moja ambazo kampuni inayochimba imeuza, tatu, si pungufu, ni za watu wanaoishi pale inapochimba. Hazitolewi katika faida.

“Faida unaweza kuificha,” Twaibu alisema. “Ukiniuliza mimi, nimeona zikifichwa za kila namna. Lakini hapa iko mauzo. Wapate, wapoteze, tatu inatoka.”

“Na kama hawataki?”

“Nani aliwauliza kama wanataka? Hii si zawadi, shemeji. Na sikia hii: fungu hilo serikali haikate kodi ya faida juu yake. Imeacha sehemu yake, ili zote zifike kwenu.”

Hélène alimwomba asome tena. Twaibu akasoma tena. Serikali aliyoijua ilikuwa kamba iliyovutwa barabarani na mtu mwenye bunduki nyuma yake. Mwaka wa vita ilikuwa imemnyang'anya chumvi, kilo mbili alizotembea siku nne kuzitafuta, na alipopita salama alisema asante. Sasa mahali fulani, katika mji ambao hajawahi kuuona, watu wasiomjua walikuwa wamekaa wakaandika kwamba kuna kitu ambacho hata wao wenyewe hawatakigusa, kwa sababu ni chake. Aliweka kiganja juu ya ukurasa, akakiacha hapo. Mzee wa kodi, ambaye alikuwa amefungua ukurasa huo mara nyingi kutafuta adhabu tu, alikishikilia kitabu kisijifunge.

Kisha Twaibu alimfundisha swali moja.

Kesho yake saa tatu na nusu Hélène alisimama.

“Asante yetu inabaki. Barabara ni nzuri, hata mimi niliipita kuja hapa. Nauliza tu: Baba Blanchard, kwa watu wa kodi, barabara ile muliiandika wapi?”

Blanchard alifunua karatasi, akafunua tena. Alitoka nje kumpigia simu mhasibu. Kwa dakika kumi hakuna aliyecheka. Aliporudi, hakujificha.

“Iko kwa gharama za kusafirisha madini.”

“Basi ni ya malori yenu,” Hélène alisema. “Kwa kodi muliihesabu kama gharama ya kazi yenu. Haiwezi tena kuwa fungu letu.”

Mwenyekiti aliuliza kama kampuni ina jibu. Blanchard akasema kwa sauti ya chini, “Mama ana haki.” Mstari wa barabara ukafutwa katika ripoti, na nyumba ya uzazi ya Kalumbi ikapitishwa kwa mikono yote, pamoja na mkono wa aliyetania jana yake.

Msingi ulipimwa Agosti, kabla ya mvua kubwa. Fundi alipigilia vigingi, akafunga kamba, akatoa penseli sikioni.

“Mama, mlango tuutazamishe wapi?”

Hélène alitaka kumwelekeza kwa chifu. Katika miaka yote ya kuomba, hakuna aliyewahi kumuuliza angependa kitu kikaeje. Aliruka kamba, akasimama katikati ya chumba ambacho bado kilikuwa nyasi, akageuka polepole pande zote nne huku fundi akingoja.

“Upande wa mashamba,” alisema mwishowe. “Uchungu unawashikaga wanawake kule.”

Fundi akachora alama.