Balbu za Ngazi ya Mama

Fundi umeme wa mtaa wetu hapa Duluth hupiga mluzi akiwa kazini, na kila balbu iliyokufa huitikisa sikioni kabla ya kuitupa. Nilimwita kwa mama, kwenye ngazi ya kushukia ghala la chini ya nyumba. Kila wiki mama alisema ameweka balbu mpya, na kila nilipokuja nilikuta giza. Niliamini kumbukumbu zinamtoka. Nilishamtafutia makao ya wazee.

Fundi alizima swichi kuu, akapanda kigoda, akafungua holda inayoshika balbu. Mluzi ukakatika.

"Bi Hakala, njoo uone," alimwita mama, si mimi. Alimwonyesha kijiulimi cha shaba ndani ya holda, kimelala, kimeungua. "Hiki hakigusi balbu vizuri, kinatoa cheche. Hapa ungefunga balbu mia, zote zingekufa."

"Kwa hiyo nilikuwa naziweka kweli?"

"Uliziweka zote, mama. Holda ndiyo mbovu."

Mama alikaa kwenye ngazi, akajifuta macho kwa aproni. Fundi akampa kisogo, akachelewa makusudi kutafuta bisibisi.

Nilikwenda jikoni, nikawapigia simu watu wa makao kuwaambia wasije kumchukua Jumatatu.