Kitabu Kinachojua Zamu ya Kila Ua

"Hivi Wilf, hicho kitabu utazikwa nacho?" Jirani yake, Mama Gotch, alimuuliza siku moja akianika nguo, na Wilf Dolby akacheka tu. Mwaka huu swali hilo halimchekeshi tena.

Saa mbili asubuhi, umande umeganda juu ya nyasi. Wilf, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, amevua kofia, amesali kidogo, kisha amepiga goti mtaroni hapa kijijini Aldercote, Uingereza. Anakata shina la mti wa miiba karibu na mzizi mpaka linabaki limeshikwa na ganda tu, halafu analilaza taratibu juu ya mwenzake. Likilazwa vizuri halifi. Litachipua, ua huu wa miti hai utasongamana, na kondoo hawatapita.

"Zamani nilikuwa nalaza mita ishirini kwa siku," anasema akipangusa pua. "Sasa nikifika nane namshukuru Mungu. Goti la kushoto limeshajiuzulu, la kulia linaandika barua."

Kinachomwambia ni zamu ya ua upi kulazwa ni kitabu kilichochapwa mwaka 1823. Mtunzi wake, Ephraim Tuckley, alikuwa kibarua wa hapahapa, mpura ngano aliyejifunza kusoma kwa kufuatisha herufi za makaburini kwa kidole. Shairi lake refu linazunguka kijiji kizima, ua baada ya ua, kila mmoja kwa jina lake. Ua wa Chemchemi, anasema Tuckley, "umelala kama ng'ombe aliyeshiba."

Ukoo wa Dolby umekuwa ukiandika pembeni, kwa penseli, mwaka ambao kila ua ulilazwa. Ikipita miaka ishirini, zamu yake imerudi. Wilf mwenyewe aliacha shule akisoma kwa kubahatisha. Baba yake ndiye aliyemsomesha kwa kitabu hicho, mtaroni, wakati wa kula mkate na jibini.

Lakini hana wa kumwachia kazi. Binti yake wa pekee, Hazel, anaendesha lori la maziwa, na ndiye aliyepiga simu maktaba ya mjini waje wakichukue.

"Nyumba ina unyevu, baba. Kitaoza," alimwambia. "Na wewe unaoza nacho."

"Mimi nilianza zamani, mwanangu."

Alhamisi alasiri, Bwana Lisle wa maktaba anawakuta Wilf na Hazel nyumbani, naye ana sanduku la kijivu na glavu nyeupe. Anakiinua kitabu, anakinusa.

"Mzee Dolby, jalada hili limepakwa nini?"

"Mafuta ya kondoo. Kila mwaka, siku ileile ninayopaka glavu zangu. Ngozi ni ngozi, bwana."

Bwana Lisle anafumba macho kidogo. Akiyafumbua, anaeleza kwa upole kwamba zimebaki nakala nne tu, na hakuna nyingine yenye maandishi ya pembeni. Kitakaa chumba cha baridi, na watu wataomba ruhusa kukiona.

"Na ua unaofuata nitauandika wapi?"

"Samahani, mzee. Humo hakitaandikwa kitu tena."

Wilf anapapasa jalada lake. "Haya. Ila nilitamani mwaka mmoja uandikwe na mkono wa atakayenirithi. Mmoja tu. Ningejua nyua zina mwenyewe."

Hazel anakivuta kitabu akiweke sandukuni. Kinafunguka penyewe kwenye Ua wa Mjane, na pembeni pana mwandiko mdogo ulioinama, usio wa baba yake. Ni wa mama yake, Jean, aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Anausoma kwa sauti, polepole.

"2006. Wilf alikata, mimi nilisuka fito juu. Baridi kali. Tutarudi 2026."

"Ndiyo mwaka huu," anasema Wilf. "Mita mia na ishirini. Siziwezi."

Bwana Lisle ananyoosha mkono kukipokea. Hazel hampi. Anakiweka mbele ya baba yake kikiwa wazi palepale, anatungua mundu na glavu msumarini, anachukua penseli iliyokuwa juu ya redio, anaitia mfukoni, na kutoka nje kuelekea Ua wa Mjane.