Bibi na Korongo wa Taa

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya kiangazi ninayoikumbuka mpaka leo kwa haya, ingawa niliyemkosea alinisamehe siku iliyofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikuwa tunaishi Doonside, kitongoji cha huku ughaibuni, katika nyumba ya matofali karibu na stesheni, mimi, mama yangu, na bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa ile miaka ya Korona ambayo ninyi mnaisikia kama hadithi.

Ili unielewe, kwanza nikueleze nilichokuwa nakipenda. Mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwetu palikuwa na bustani kubwa ya michezo, yenye vigari vya kupinduka angani na mabembea marefu. Hayo sikuyajali. Mimi nilikwenda kwa ajili ya onyesho la usiku. Lilikuwa likionyeshwa kila kiangazi, tangu kabla sijazaliwa, juu ya ziwa dogo la kuchimbwa. Mwezi unaanguka ziwani. Ndege korongo, aliyetengenezwa kwa vyuma na taa, anainuka kutoka majini na kuanza kuutafuta. Kila anapogeuza shingo, taa moja inawaka ukingoni, kisha nyingine, mpaka ziwa lote linazungukwa na nuru. Ngoma zinaanza. Mabomba kumi na mawili yanarusha maji juu kuliko paa la kanisa letu, moto unatembea juu ya maji, na mwishoni mwezi unapanda mweupe, umechorwa kwa mwanga kwenye pazia la maji. Dakika ishirini na mbili nzima, na hakuna neno hata moja linalosemwa.

Hilo la kutosema neno ndilo lililoniteka. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania miezi mitatu tu nyuma, na shuleni nilishinda nikisikia Kiingereza kama mvua juu ya bati. Watu waliokuwa wakiwasaidia wageni walitukusanya watoto wakatupeleka kwa basi. Usiku ule nilielewa kila kitu, sawasawa na watoto waliozaliwa hapa. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Bibi, nikirukaruka sebuleni, shingo nimeinyoosha kama korongo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwezi wameupata?"

"Wameupata, Bibi."

"Afadhali."

Tangu siku hiyo, kila niliporudi kutoka huko, swali lilikuwa hilohilo na jibu hilohilo. Nililiona onyesho lile mara arobaini. Nilijua lini walibadilisha taa za bluu, lini shingo ya korongo ilipakwa rangi upya, na mwaka gani ngoma za mwanzo zilifupishwa. Watu wengi walisema limechakaa. Ni kweli, lilikuwa limechakaa kidogo, na nililipenda na uchakavu wake, kama unavyopenda koti ulilokulia ndani yake.

Kisha Korona ikaja na bustani ikafungwa. Nilikuwa napakia masanduku katika ghala moja Wetherill Park, na mama alikuwa anatunza wazee katika makao yao, kwa hiyo sisi wawili tulitoka na karatasi zetu za ruhusa huku wengine wakikatazwa kwenda mbali na nyumba. Bibi alibaki ndani. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alipangiwa upasuaji, ukaahirishwa kwa sababu hospitali zilijaa wagonjwa wa Korona. Ukapangwa tena, ukaahirishwa tena. Alikuwa anaona mwanga, rangi, na kivuli cha mtu mlangoni, basi.

Jioni nilimwekea video za onyesho kwenye televisheni, nikawa namsimulia. Na hapa nikuambie jambo, mwanangu, kwa kuwa nawe unanijibu Kiingereza nikikuita kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Kwa Bibi peke yake ndipo nililazimika kutafuta maneno. Nilijifunza kusema ukungu, kusema ukingo, kusema maji yanachuruzika. Bibi alikuwa akinitania. Kwa utani wa kwetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, basi aliniita hivyo.

"Mke mwenzangu, huyo korongo wako ana mume?"

"Hana, Bibi."

"Ndiyo maana anapata muda wa kutafuta mwezi."

Watu walipofunguliwa milango, bustani nayo ilifunguliwa, viti vikiwa vimeachanishwa na watu wote katika barakoa. Wakatangaza kwamba onyesho litaendelea kwa wiki chache tu, kisha litaondolewa kabisa. Mimi na rafiki yangu Njeri tukakata tiketi za siku mbili za mwisho, Jumamosi na Jumapili, safu ya mbele. Njeri alikuwa Mkenya, jirani yetu, akisomea uuguzi, na alikuwa na gari dogo jekundu lenye mlango mmoja usiofunguka. Alilipenda onyesho lile karibu kama mimi.

Jumamosi ile, nikiwa najiandaa, Bibi akaniambia, "Leo nami nakuja."

Nilikuwa nafunga nywele. Nikamjibu bila kugeuka, "Bibi, huoni. Utaenda kuangalia nini? Subiri wakutoe mtoto wa jicho."

"Si umesema linaondoka kesho?"

"Kutakuwa na mengine."

Mwanangu, sikumdanganya kuhusu macho, lakini si macho yaliyonifanya nikatae. Safu ya mbele ilikuwa chini, ngazi nyingi, na Bibi alitembea taratibu. Bibi alizungumza kwa sauti. Pale mbele tulikuwa tunakaa mashabiki tuliojuana, watu wa kunyamaza na kurekodi, na niliona aibu kuwapelekea bibi mwenye kilemba na fimbo atakayeuliza maswali katikati ya ngoma. Huo ndio ukweli.

Njeri alipokuja kunichukua, aliulizia habari za Bibi, "Na shosho?"

"Hawezi. Macho."

"Macho ama ngazi?"

"Njeri, twende."

"Mimi nauliza tu. Ati mtu anangoja nyumbani miaka miwili, halafu unaenda bila yeye. Sawa, funga mkanda."

Niliona onyesho. Lilikuwa zuri. Tuliporudi, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Mama alikuwa zamu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba chake, viatu vya mkanda miguuni, mkoba juu ya magoti.

"Bibi, ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilifikiri mtarudi kunichukua. Nikasema, watafika barabarani, huyu mtoto atafikiri, watageuza gari."

Nilisubiri aniulize kama mwezi umepatikana. Hakuuliza. Alianza kuvua viatu, na kwa kuwa hakuuona mkanda, vidole vyake viliutafuta kwa muda mrefu. Nikapiga magoti nimsaidie. Akaniacha nimvue, kisha akasema, taratibu, bila hasira:

"Baba yangu alikuwa hana macho kabisa. Kule kambini, mgeni akiaga, baba alishika fimbo yake akatoka naye mpaka barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, kaa, wewe huoni. Hicho kitu kimekufurahisha tangu ukiwa mtoto. Kinaondoka. Mimi nilitaka kukisindikiza. Kukitazama ni kazi yako."

Nilikaa pale chini na kiatu chake mkononi.

Asubuhi nilikwenda kwa Njeri. Tiketi za Jumapili zilikuwa zimekwisha, maana viti vilikuwa vichache. Kabla sijamaliza kueleza, alinipa ya kwake.

"Mimi nimeona jana. Nitangoja kwa gari na chipsi. Lakini ukimuumiza huyo shosho tena, utatembea kwa miguu mpaka Doonside."

Jioni Bibi alivaa kitenge kilekile. Pale langoni tulionyesha vyeti vyetu vya chanjo, na alimsalimia kila mlinzi kwa Kiswahili, nao wakaitika kwa Kiingereza, pande zote mbili zikiridhika. Kulikuwa na ngazi ishirini na nane mpaka safu ya mbele. Nilimsogelea kijana mmoja na mchumba wake, waliokuwa benchi la nyuma kabisa, nikawaomba tubadilishane. Hawakuamini bahati yao.

Onyesho likaanza, nikaanza kusimulia. Mwanzoni nilinong'ona kupitia barakoa. Bibi akasema, "Sikusikii," kwa sauti ile niliyoiogopa. Watu wawili wakageuka. Basi nikasema kwa sauti yangu kamili: korongo anainuka, Bibi, maji yanachuruzika mabawani. Taa ya kwanza hiyo. Ya pili. Hakuna aliyetukataza.

Lakini haukupita muda Bibi akawa yeye ndiye ananisimulia. Alisema moto unanuka kama jiko la mafuta ya taa. Alisema ngoma zinaingilia miguuni kabla ya kufika masikioni, nami nikavua viatu nikakuta ni kweli. Upepo ukatuletea manyunyu, akainua uso, barakoa ikalowa. Kisha mabomba yalipoanza, akainamisha kichwa.

"Lile la mwisho, kulia. Linachelewa."

"Ni bovu, Bibi. Mashabiki wote tunalijua."

"Si bovu. Linavuta pumzi kwanza. Sikiliza."

Nilisikiliza. Ngoma ilipiga, mabomba kumi na moja yakaruka pamoja, na lile moja likafuata, kama mtu anayehakikisha kwanza.

Mwezi ulipopanda, watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Bibi alingoja makofi yakome. Kisha akashika fimbo.

"Sasa nipeleke kwa wenyewe, tuwaage."

"Wenyewe wapi, Bibi?"

"Wenye onyesho. Umekuja hapa mara ngapi?"

"Leo ya arobaini na mbili."

"Na humjui hata mmoja kwa jina?"

Nilijua kila taa, mwanangu. Jina la aliyeziwasha sikulijua hata moja. Katika miaka kumi na miwili sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu nyuma ya ziwa.

Tuliwakuta kando ya uzio, wakikunja mipira ya maji. Mmoja alikuwa mzee wa Kizungu, mwembamba, mabuti yamelowa mpaka magotini. Jina lake Colin. Nilimweleza kwamba bibi yangu amekuja kuwashukuru na kuwaaga. Alituangalia kana kwamba tumekosea mlango. Bibi akaniambia nimuulize kuhusu bomba la kulia.

Colin akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema mota ya bomba lile ilikufa miaka mingi nyuma na haikununuliwa nyingine. Kwa hiyo kila usiku yeye alikaa gizani karibu nalo, akingoja asikie ngoma, ndipo afungue kwa mkono. Siku zote alichelewa kidogo. Alidhani hakuna anayejua.

Nilipomtafsiria Bibi, aliitikia kwa kichwa tu. "Mwambie nilimsikia."

Nikamwambia. Colin akavua kofia. Akaniomba nirudie tena, nami nikarudia, akageuka upande wa ziwa kwa muda. Akasema kesho hana kazi, na kwamba mke wake aliyezoea kuja kumtazama usiku wa mwisho wa kila kiangazi alifariki wakati wa karantini, na mazishini waliruhusiwa watu kumi.

Bibi alitaka kujua gari lake liko wapi. Lilikuwa nyuma, maegesho ya wafanyakazi. "Basi twende," akasema. "Anayeondoka ni yeye."

Tukamsindikiza. Miaka ile watu hawakupeana mikono, kwa hiyo Bibi alimpa ncha ya fimbo yake aishike, naye akashika ncha nyingine, wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, katika ile njia ya changarawe. Yeye akisema Kiingereza chake, Bibi Kiswahili chake. Nilikuwa nyuma yao na sikutafsiri neno. Hakuna aliyeniuliza.

Njeri alikuwa amelala kwenye usukani. "Nilidhani mmeajiriwa huko," akasema.

Bibi alifanyiwa upasuaji miezi minane baadaye, ziwa likiwa limeshakauka na kufunikwa kwa lami. Alipofunguliwa bandeji alinitazama sana, akasema, "Kumbe una chunusi hivi, na mimi namsifia mke mwenzangu kwa watu." Hakunikumbusha kamwe Jumamosi ile. Kama Njeri angekuwa na roho ndogo, kama tiketi ingekosekana, ningekaa na ile sura ya Bibi kwenye kochi na mkoba wake maisha yangu yote. Niliponea kwa siku moja.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Ukipenda kitu, wapeleke watu wako walivyo leo, na magoti yao mabovu, na maswali yao, na sauti zao. Usiwaambie wasubiri mpaka wawe wazima ndipo wastahili kufurahi nawe. Usimwamulie mtu mzima kwamba hawezi, kwa kuwa wewe unaona aibu. Na mahali palipokufurahisha, tafuta aliyelowa ili wewe ukae pakavu, umsalimie kwa jina lake, mapema, usingoje siku ya mwisho kama mimi.

Mungu akuzeeshe kwa upole. Akujalie watoto na wajukuu wasioona haya kutembea polepole kando yako.